Pikapu Iliyofungwa Mnyororo Asubuhi ya Usafi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Katikati ya Kampala

Barabara za katikati ya Kampala hufagiliwa palepale magari yanapolala, kwa hiyo kila agizo la kufagia na kuzibua mifereji huwa pia ni agizo la maegesho. Kisa ninachokichambua kinahusu pikapu moja iliyokutwa mahali pake asubuhi ya usafi, katika mtaa wa maduka ulio upande wa chini wa mji, kuelekea Nakivubo. Majina ya wahusika, ya mtaa na ya kampuni zilizohusika nimeyaacha, kwa kuwa kinachopimwa hapa ni utaratibu. Swali lenyewe ni hili: gari linalozuia kazi ya usafi lifanywe nini, saa ngapi, na nani? Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri tunavyoendelea. Sheria ya namna hii hutungwa ili ukingo wa barabara uwe wazi kwa saa chache, na hatua isiyoufungua ukingo huo, hata ikiwa kali namna gani, haijaitekeleza sheria.

Mwenye gari ni mama mfanyabiashara wa mashuka na mapazia, anayejulikana mtaani kwa jina la Hajati, mkazi wa Kisenyi kama wafanyakazi wake wengi. Pikapu yake hulipiwa kwa mwezi nafasi maalumu mbele ya duka, na usiku huachwa hapo chini ya macho ya askari wa zamu wanaolinda maduka. Alhamisi alasiri, vijana wa mkandarasi wa usafi walibandika karatasi kwenye nguzo kadhaa, zikieleza kwa Kiingereza kwamba mtaa utafagiliwa na mifereji kuzibuliwa Jumapili asubuhi, na kwamba magari yasiwepo. Saa hazikutajwa. Haikutajwa pia adhabu, wala mahali pa kupeleka gari kwa muda huo. Kufikia Jumamosi, karatasi mojawapo ilikuwa imeloa na kuchanika, na nyingine ilikuwa imefunikwa na tangazo la mkutano wa injili. Jioni hiyo dereva wa Hajati alishusha mzigo, akaegesha kama kawaida, na mkusanyaji wa ada ya maegesho akaiingiza namba ya gari kwenye mashine yake bila kusema neno lolote kuhusu kesho yake.

Wafagiaji walifika kabla ya alfajiri, wakifuatwa na lori la maji na kikundi cha vijana wa kuzibua mifereji. Walikuta magari machache. Msimamizi wao aliwaomba askari wa usiku wawapigie simu wenyewe, na baadhi walikuja wakaondoa magari yao, lakini simu ya dereva wa Hajati haikupatikana. Wafagiaji waliizunguka pikapu na kuendelea. Vijana wa mfereji hawakuwa na njia ya kuizunguka, kwa sababu gari lilikuwa limesimama juu ya mfuniko wa zege wa tundu ambalo maji ya mtaa mzima huingilia mferejini. Walilingoja kwa muda, kisha wakahamia mtaa wa pili pamoja na lori lao.

Ilipofika kama saa kumi na mbili na nusu, wakati wafagiaji walikuwa wameshaondoka, ndipo walipotokea watu wa kampuni ya maegesho, kampuni tofauti na ya usafi, wakaifunga pikapu mnyororo kwenye gurudumu la mbele na kuacha karatasi ya faini kwenye kioo. Dereva alifika muda mfupi baadaye. Kwa mujibu wa askari wa usiku aliyekuwapo, alimwambia aliyefunga mnyororo, "Afande, ufunguo ninao mkononi, fungua niondoe sasa hivi," naye akajibiwa, "Kaka, namba imeshaingia kwenye mashine. Ikishaingia, mimi sina uwezo tena, nenda ofisini." Ofisi hiyo haifunguliwi Jumapili. Pikapu ilikaa palepale, juu ya tundu lilelile, hadi Jumatatu adhuhuri. Jumapili alasiri mvua kubwa ilinyesha, maji yakakosa pa kuingilia, na maduka kadhaa ya upande wa chini yakaingiliwa na maji yenye matope na buveera, yaani mifuko ya plastiki. Jumatatu Hajati alitozwa faini, gharama ya kufunguliwa mnyororo, na ada ya maegesho kwa saa zote ambazo gari lilikuwa limefungwa. Alilipa, akachukua risiti, na wiki hiyo akaandika barua ya malalamiko kwa ofisi ya divisheni, yaani ofisi ya mamlaka ya jiji katika sehemu hiyo ya mji.

Nianze na jambo ambalo katika barua yake Hajati alilikosea, kwa kuwa ndilo linalorudiwa na wafanyabiashara wengi. Aliandika kwamba nafasi ile ni yake kwa sababu ameilipia mwezi mzima. Haiwezi kuwa yake kwa maana hiyo. Barabara ni ya umma, na ada ya maegesho hununua ruhusa ya kuitumia kwa masharti, ambayo hufuata mahitaji ya barabara yenyewe: ikibidi kuzibua mfereji, kutengeneza bomba au kupitisha zimamoto, ruhusa hiyo husimama. Sheria ya Mji Mkuu wa Kampala ya mwaka 2010 imeipa mamlaka ya jiji wajibu wa kujenga na kutunza barabara, kujenga na kutunza mifereji mikuu, na kupanga na kusimamia mwendo wa magari. Kazi hizo tatu zimewekwa mikononi mwa chombo kimoja, na ni vigumu kuona ni vipi chombo hicho kingeweza kuitimiza ya pili bila kuitumia ya tatu. Mwenye risiti ya mwezi anaweza kudai arudishiwe fedha za siku alizonyimwa nafasi, lakini hawezi kudai mfagiaji asubiri.

Tena mfagiaji huyo anastahili kufikiriwa kabla ya mwenye gari. Wengi wa wanaofagia katikati ya Kampala ni wanawake, na kazi yao hufanyika usiku na alfajiri, wakati ambapo magari machache yaliyopo hupita kwa kasi. Gari linapobaki ukingoni, mfagiaji hulazimika kutoka kwenye ukingo na kuingia katika njia ya magari ili kulizunguka, akiwa ameinama, mgongo ukielekea taa za gari linalokuja. Ninaposikia watu wakisema kwamba agizo la kuondoa magari ni usumbufu wa kiofisi tu, huwa natamani wasimame pale saa kumi alfajiri wamtazame mama huyo na fagio lake. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuwa na sheria kali, hata kama tusingekuwa na tatizo la mafuriko.

Na tatizo la mafuriko tunalo. Mji umekaa juu ya vilima, na maji ya mvua yanayoshuka kutoka Nakasero na Old Kampala hukusanyika katika bonde la Nakivubo, ambako mfereji mkuu huyapeleka kupitia kinamasi hadi Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Mvua zetu, hasa za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, mara nyingi hushuka kwa nguvu na kwa muda mfupi, kwa hiyo takataka iliyolala ukingoni asubuhi huwa imefika kwenye tundu la mfereji kabla ya mwenye duka kumaliza kuingiza bidhaa ndani. Ile isiyoziba hapo huendelea hadi ziwani, na ghuba hiyo ndiyo ambayo mitambo ya Gaba huvuta maji ya kunywa ya mji. Anayezibua tundu moja katika mtaa wa chini anafanya kazi inayowagusa watu wa Gaba ambao hawajawahi kuuona mtaa huo. Baada ya jaa la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya thelathini, hakuna mkazi wa Kampala anayehitaji kuelezwa kwamba taka zisizosimamiwa huua.

Kwa hiyo sina shaka kwamba agizo lilikuwa halali kwa lengo lake, na kwamba pikapu haikupaswa kuwa pale. Shaka yangu inaanzia kwenye taarifa.

Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 28, inasema mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai isipokuwa kosa hilo limefafanuliwa na adhabu yake imewekwa na sheria. Kifungu cha 42 kinampa kila anayefika mbele ya ofisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu, na haki ya kwenda mahakamani kupinga uamuzi uliochukuliwa dhidi yake. Karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo si sheria. Ni taarifa kwamba kanuni iliyopo itatumika mahali fulani kwa muda fulani. Ikiwa muda hautajwi, mtu hawezi kujua kosa linaanza lini na kwisha lini. Neno "asubuhi" kwa muuza mkate ni saa kumi na moja, na kwa mwenye duka la mapazia ambaye Jumapili hafungui ni saa tatu. Dereva wa Hajati anasema alikuwa amesikia habari za usafi, akapanga kufika saa moja kuondoa gari. Ninaamini anasema kweli, kwa sababu alifika karibu na saa hiyo, siku ambayo hakuwa na kazi, akiwa na ufunguo mkononi.

Miji iliyokaa na sheria hizi muda mrefu hutegemea vibao vya kudumu vyenye siku na saa. New York, iliyoanza mwaka 1950 kuwataka wenye magari kuacha upande mmoja wa barabara kwa zamu ili ufagiliwe, hubandika vibao vinavyotaja siku na saa kamili, na hutangaza mapema kalenda ya siku ambazo sharti hilo linasimamishwa, zikiwemo Idi zote mbili. Chicago, katika mitaa mingi ya makazi, hutumia karatasi za muda zinazobandikwa muda mfupi kabla ya kufagia, na mwenye gari anayesafiri bila kuziona hukumbwa na balaa lilelile lililomkumba Hajati. Ninalojifunza katika miji hiyo miwili halihusu utajiri wao. Ratiba isiyobadilika hufundisha mtaa wenyewe: ikiwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, mtaa huu hufagiliwa, baada ya miezi michache askari wa usiku, muuza chapati na bodaboda wa kona wote watakuwa wanaijua saa hiyo, na mgeni atakayeegesha jioni yake ataambiwa na watu watatu kabla hajafunga mlango.

Kuna pia suala la lugha, ambalo katika mtaa huu ni zito. Wenye maduka na madereva wake hutumia Kiganda na Kiswahili, na wengi wao husoma Kiingereza kwa shida. Kiswahili kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Kiganda ndiyo lugha ya soko. Karatasi yenye mchoro wa fagio, picha ya saa na mistari miwili kwa lugha hizo ingegharimu wino ule ule.

Hata hivyo kosa kubwa la taarifa katika kisa hiki halikuwa kwenye karatasi. Lilikuwa kwenye mashine ya mkusanyaji wa ada. Huyu ndiye mtu ambaye kila gari katika mtaa ule hupita mbele yake. Ana namba za magari yote, na katika nafasi za kulipia kwa mwezi ana hata namba za simu za wenyewe. Jumamosi jioni aliipokea pikapu kama mgeni wa kawaida, na Hajati alipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alijibu, "Hajati, mimi ni wa ada tu, mambo ya kufagia ni ya wengine." Katika jibu hilo kuna kisa chote. Kampuni moja ilijua siku ya kufagia na haikuwa na orodha ya magari. Nyingine ilikuwa na orodha ya magari na haikuambiwa siku ya kufagia, au iliambiwa na haikuona kwamba inawahusu wakusanyaji wake. Iliyo mbaya zaidi ni kwamba kampuni ile ile iliyopokea ada ya usiku ndiyo iliyokuja asubuhi kuadhibu kuwapo kwa gari. Mahakama yoyote makini ingeuliza kama mwenye gari hakuwa na haki ya kuamini kwamba anayepokea ada yake Jumamosi jioni anamruhusu kuwapo Jumapili alfajiri. Mimi ningesema haki hiyo alikuwa nayo, kwa kiasi kinachotosha kupunguza faini ingawa hakitoshi kuifuta.

Sasa tufike kwenye mnyororo, ambapo nadhani kisa hiki kinafundisha zaidi.

Mnyororo wa gurudumu ulibuniwa kwa ajili ya deni. Mtu asipolipa ada, gari lake linazuiwa lisiondoke hadi alipe, na kukaa kwake mahali pale hakumdhuru mtu yeyote isipokuwa mwenyewe. Katika usafi hali ni kinyume kabisa: kosa ni kukaa, na madhara yake yanaongezeka kila saa inayopita. Kulifunga gari mnyororo kwa kosa la kuziba mfereji ni kuufanya uzibaji huo kuwa wa lazima. Saa kumi na mbili na nusu pikapu ilikuwa kizuizi ambacho dereva mwenye ufunguo angekiondoa kwa dakika moja, na saa moja ikawa kizuizi ambacho hakuna mtu yeyote mtaani aliyeruhusiwa kukiondoa. Kikundi cha mfereji kilikuwa bado mtaa wa pili. Kingeweza kuitwa kirudi.

Kifaa sahihi ni gari la kuvuta, yaani bredauni, tena lije pamoja na wafagiaji na mbele yao, wala si nyuma. Halina haja ya kulipeleka gari kwenye yadi ya mbali ambako mwenyewe atalipia hifadhi kwa siku. Inatosha kulisogeza hadi kona ya pili, mahali palipotengwa, kupiga picha kabla na baada, kuacha karatasi ya faini, na kumwachia askari wa usiku ujumbe kwamba gari liko wapi. Wakati mwenye gari bado amelala, mtaa unafagiliwa. Anapoamka, anakuta faini yake na gari lake zima. Hilo ni tendo kali na ni la haki kwa pamoja. Ninajua kwamba magari ya kuvuta ni machache na gharama yake ni kubwa, na kwamba gari lenye gia ya kujiendesha likivutwa vibaya huharibika. Lakini asubuhi ile palikuwa na magari machache tu yaliyobaki baada ya simu kupigwa. Bredauni moja kwa saa mbili ingeyamaliza.

Upande wa watu wa maegesho una hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema kwamba tukianza kufungua mnyororo kwa kila anayefika na ufunguo, watu watalala hadi wasikie kelele za fagio, na kila mmoja atasema alikuwa njiani. Tena aliyefunga mnyororo ni kijana wa mshahara mdogo ambaye mashine yake humhesabia kila namba anayoiingiza, na akiifuta bila idhini anashukiwa kuwa amepewa kitu kidogo. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu simlaumu kijana huyo. Ila inatatuliwa kwa kutenganisha faini na mnyororo: faini ibaki kwenye mashine kama ilivyoandikwa, isifutike hata dereva akilia, na gari liruhusiwe kuondoka papo hapo. Namba ya gari inajulikana, mwenyewe ana mkataba wa mwezi, deni halina pa kukimbilia. Na asiyekubali faini hiyo anayo njia ya kuipinga, kwa barua kwa ofisi kisha mbele ya mahakimu wanaosikiliza kesi za jiji pale City Hall.

Kuhusu ada ya maegesho iliyotozwa kwa saa za mnyororo, sioni utetezi wowote. Huwezi kumkataza mtu kuondoka kisha umtoze kwa kubaki.

Divisheni ilijibu barua baada ya wiki kadhaa. Ilishikilia faini, ikaagiza ada ya saa za mnyororo irudishwe, na ikasema kwamba kuanzia sasa taarifa za usafi zitataja saa na zitapitishwa kwa wakusanyaji wa ada kabla ya kubandikwa. Kuhusu matumizi ya mnyororo siku za usafi haikusema lolote, na hapo ndipo ningeomba Hajati aandike tena, kwa kuwa saa zikitajwa na mnyororo ukabaki, Jumapili nyingine itakuwa na pikapu nyingine juu ya tundu lingine.

Wenye maduka yaliyoingiliwa na maji walimfuata Hajati wakitaka awafidie. Nadhani walikosea mlango. Mvua ile ilikuwa kubwa, mfereji wa chini nao ulikuwa na matope yake, na hakuna anayeweza kusema ni kiasi gani cha maji kililetwa na tundu moja. Lakini hata tukikubali kwamba tundu lile ndilo lililosababisha yote, gari la Hajati lilikuwa chini ya ufunguo wa mtu mwingine kuanzia saa kumi na mbili na nusu, na mvua ilinyesha alasiri. Kwa saa zote zilizo katikati, mwenye uwezo wa kulifungua tundu alikuwa aliyefunga mnyororo na ofisi iliyomtuma. Barua ya wenye maduka ilipaswa kupelekwa huko, ikiwa na picha za bidhaa zilizoloa, nakala ya karatasi ya faini yenye saa yake, na maelezo ya askari wa usiku, ambaye hadi ninapoandika bado analinda mtaa huo na yuko tayari kueleza alichokiona.